Vitu Nilivyovigonga Msimu wa Mvua

2 Machi

Daktari wa macho ameniagiza niandike kila kitu ninachokigonga. Si kinachokugonga, alisema, unachokigonga wewe. Mvua hizi zikiisha nimpelekee, aone ugonjwa unakwendaje. Leo: mlango wa jikoni, bega la kushoto.

Mengine aliyoyasema nayaandika mara moja ili nisiyarudie. Ni presha ya macho. Katikati naona vizuri, hata zile herufi za mstari wa chini kabisa nilizisoma zote. Pembeni ndiko kunakokufa, kunakufa polepole, na kukishakufa hakufufuki. Matone asubuhi na jioni ni ya kulinda kilichobaki. Gari nisiendeshe tena. Akauliza nafanya kazi gani. Nikasema mimi ni mwalimu. Hakuuliza wa nini.

Nafundisha udereva.

3 Machi

Mke wangu amezitoa funguo za gari msumarini, akazitia mfukoni mwa koti lake. Tulipomaliza kula akauliza.

"Kazini utasema nini?"

"Nitasema nafanya mazoezi."

"Mazoezi, baba watoto? Na tumbo lote hilo?"

"Si ndilo la kulifanyia mazoezi?"

Akacheka. Alipomaliza kucheka akauliza kama nitamwambia Bosi. Nikasema nitamwambia. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kukusudia.

Leo: kiti, mara mbili. Kiti kile kile.

7 Machi

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anatengeneza matangi ya maji ya faibaglasi. Zamani kidogo alijitengenezea baiskeli ya kulala, ya magurudumu matatu, kisha akaifunika gamba zima kama analofunika tangi, kuanzia vidole vya miguu hadi kisogoni. Nyeupe juu, nyekundu chini. Aliiendesha mara chache, mgongo ukamkatalia, ikabaki uani na kuku wakatagia humo. Leo ameiosha akaniazima.

"Inaingiwaje hii?"

"Kama kuvaa suruali, shemeji. Mguu mmoja, mguu wa pili, halafu unajuta."

Unalala chali, miguu mbele, unazungusha pedeli usizoziona. Mikono iko kiunoni, kila mmoja na mpini wake. Kifuniko kikishuka, kichwa chako kinabaki nyuma ya kioo kidogo kama cha kofia ya pikipiki, na shingo haina pa kugeukia. Unaona mbele tu. Pembeni kuna vioo viwili vya ukubwa wa kiganja, vinavyoonyesha nyuma. Ubavuni hakuna kitu, ni gamba.

Nilizunguka uwanja mara kadhaa, nikarudi nikiwa na furaha ambayo sikuielewa mara moja. Nimeielewa sasa ninapoandika. Mle ndani kila mtu ni mgonjwa wa macho. Hata shemeji yangu, ambaye anaona nzi akiwa upande wa pili wa ukuta, akiingia mle anaona kama mimi.

Leo: ndoo ya shemeji. Alidhani nimeipiga teke kwa utani, naye akanipiga teke kwa utani.

9 Machi

Siku ya kwanza kwenda nayo kazini. Kutoka nyumbani ni barabara ndogo ya makazi, kisha barabara kuu, kituo cha mafuta, kisha mteremko hadi shuleni kwetu. Watoto wa shule waliniona kwenye kona ya kwanza, na hadi kona ya pili nilikwisha pata jina.

"Kidonge! Kidonge hicho!"

Wamepatia. Kinafanana kabisa na kile cha rangi mbili.

Kazini walijaa uwanjani. Kinyozi, mwanafunzi wangu ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimfahamu, alikizunguka mikono nyuma kama mnunuzi wa ng'ombe. "Mwalimu, hiki tunakimeza na maji au kikavu?" Bosi, mama mwenye shule, alitoka ofisini kwake akapiga picha. Akasema mwalimu wa udereva anayejali afya yake ni tangazo tosha, na picha itabandikwa mapokezi.

Ilikuwa nafasi nzuri ya kumwita pembeni. Nilitabasamu kwenye kamera.

10 Machi

Leo: hakuna.

11 Machi

Leo: kikombe cha chai cha mwalimu mwenzangu. Nilisema mkono umeteleza.

12 Machi

Nimepokea mwanafunzi mpya, mkunga. Ni mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mikono mikubwa na sauti ya kuamrisha. Kliniki yake imepewa gari la kuwafuata wajawazito wa ng'ambo ya mto ambao hawawezi kufika. Dereva wake amestaafu, na mganga mkuu amesema mkunga yeyote atakayepata leseni atakabidhiwa gari na kazi hiyo ya ng'ambo. Anaitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Dada yake mdogo alifia huko kwa kukosa usafiri. Aliniambia hivyo huku akifunga mkanda, kama mtu anayetaja anwani yake.

Gari liliruka kama chura, likazima. Akaushika usukani akacheka mpaka machozi.

"Mwalimu, mimi maisha yangu yote nawaambia watu sukuma. Leo naambiwa kanyaga!"

Gari la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja chini ya mguu wangu. Ndiyo inayoniwezesha kulala usingizi. Daktari alinikataza kuendesha. Mwalimu haendeshi, anakaa tu. Sentensi hiyo nimejikaririsha kama mtoto anavyokariri jedwali la kuzidisha.

Leo: nguzo ya geti. Kidogo tu.

19 Machi

Mvua tangu alfajiri. Ndani ya Kidonge nilifika mkavu, walimu wengine wakafika wanachuruzika. Bosi akaniambia, "Unaona? Wenye akili hawaloi." Leo: hakuna, au sikuhisi.

28 Machi

Mkunga anaogopa njia panda. Kila tukifika anashikilia pumzi. Nimemwambia asishike pumzi, atazame. Kushoto, kulia, bega, ndipo aingie.

"Nitazame kiasi gani?"

"Fanya kama mimi."

Akafanya kama mimi. Aligeuza kichwa mpaka kidevu kikagusa bega, akakaa hapo, akakirudisha taratibu, akakipeleka upande wa pili mpaka kidevu kikagusa bega jingine. Tukavuka salama. Pumzi zikamtoka. "Kumbe ni hivyo tu!"

Leo: mwanafunzi wa mwalimu mwenzangu, mlangoni. Nilimwomba radhi na yeye akaniomba radhi.

10 Aprili

Mtihani wa barabarani. Wanafunzi wangu wote wamefaulu, mkunga na kinyozi wakiwemo. Haijawahi kutokea, si kwangu wala kwa shule.

Mkaguzi ni mtu mkavu, hucheka kwa pua tu. Alinishika mkono akanipeleka kando ya gari lake.

"Wewe umewafanya nini hawa watu?"

"Kwani wamefanya nini?"

"Wanageuza shingo kama bundi! Wote! Nikifumba macho nikaletewa mwanafunzi, nikisikia shingo inalia najua huyu ni wako."

"Ni kosa?"

"Kosa? Wa shule nyingine hawageuzi hata kope. Wafundishe na wenzako."

Bosi alinunua soda kwa ajili ya watu wote. Akasimama juu ya ngazi akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu shule nzima itafundisha kwa mtindo wangu. Kinyozi akaigiza bundi, watu wakapiga makofi. Mkunga hakuigiza kitu. Alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwalimu, watoto watakaozaliwa ng'ambo ni wako pia."

Nikakanyaga pedeli kurudi nyumbani, na kabla ya kituo cha mafuta nilikuwa nimekwisha elewa. Sikuwahi kumfundisha mtu yeyote kugeuka namna ile. Kwa miaka yangu yote ya kazi nimesema jambo moja: tupa jicho, rudi mbele. Mtu mwenye macho mazima anahitaji kutupa jicho tu, pembe ya jicho inamalizia. Ni mimi ninayelazimika kuzungusha kichwa chote, na kukaa huko, kwa sababu pembe zangu zimekufa. Wao wamekaa kando yangu wiki baada ya wiki wakanitazama. Wameuchukua ugonjwa wangu wakadhani ni ujuzi.

Na gari, wakati kichwa kimekaa begani, haliachi kwenda mbele.

Nilifika uani nikabaki ndani, kifuniko kimefungwa. Mke wangu akagonga gamba.

"Umekwama?"

"Hapana."

"Basi toka. Mvua inakuja."

15 Aprili

Nimejaribu kusahihisha. Kwa wanafunzi wapya nimesema wazi kwamba kutazama kuwe kufupi, jicho tu, kisha mbele. Wamenisikiliza, wamekubali, na kwenye njia panda ya kwanza wakageuka kama bundi, maana mimi kando yao niligeuka kama bundi. Kinyozi alikuwa amepita kutusalimu, amekaa kiti cha nyuma.

"Mwalimu, mdomo wako unasema hivi, shingo yako inasema vile. Wamfuate nani?"

Gari zima likacheka. Nami nikacheka.

Leo: kona ya meza ya mapokezi, chini ya picha yangu.

16 Aprili

Leo: jirani, pamoja na ndoo yake. Ilikuwa na maji.

22 Aprili

Mke wangu husoma ninachoandika. Sikumkataza, ni maagizo ya daktari.

"Umesahau jana. Ngazi."

"Sikuisahau."

"Basi iandike."

Jana: ngazi.

"Na hapa umeandika utamwambia Bosi."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Mvua zikiisha."

"Mvua zimekukosea nini, mume wangu?"

Alinitia matone, jicho la kulia kisha la kushoto, akanifuta shavu kwa kidole gumba kama anavyofuta sahani.

29 Aprili

Gari la kliniki limenipita leo kwenye barabara kuu likipiga honi. Mkunga akashusha kioo akapaza sauti: "Mwalimu wangu! Ng'ambo watatu, wote wazima! Mmoja mapacha, kwa hiyo ni wanne!" Akapandisha kioo, akageuka kutazama bega lake kabla ya kurudi katikati ya barabara. Aligeuka vizuri sana. Nilikanyaga breki zangu bila sababu na kufunga macho mpaka nikasikia gari linaondoka.

Ningeweza kumfuata kliniki nimwambie asigeuke hivyo. Angeuliza kwa nini.

10 Mei

Naandika siku mbili baadaye. Mfupa wa mtulinga umevunjika, wa kushoto. Mkono wa kuandikia ni mzima.

Juzi asubuhi mvua ilikuwa imekatika muda mfupi. Nilitoka barabara ndogo ya makazi nikasimama mdomoni mwa barabara kuu. Nataka kuwa mkweli hapa: nilisimama. Mbele palikuwa wazi. Kioo cha kushoto kilionyesha ukuta, cha kulia kilionyesha lori la matofali limeegeshwa nyuma yangu. Upande wa kushoto palikuwa patupu. Upande ule kwangu siku zote ni mtupu. Nikakanyaga.

Mkunga alikuwa anakuja kutoka kushoto, taratibu, anataka kulipita gari la mikate lililosimama kando. Kabla ya kulipita alitazama bega lake. Alitazama kama nilivyomfundisha. Kichwa chake kilikuwa begani na gari lake likiendelea kwenda mbele, na mimi nikatoka, chini kabisa, kimo cha bampa.

Sauti ilikuwa kama ya tangi kuangushwa kutoka kwenye lori. Kidonge kilizunguka, kikaegemea ubavu. Nililala ndani nikiangalia mfereji.

Watu walifika kabla yake. Wakafungua kifuniko, mtu akasema, "Kuna mzee humu!" Mwuza mafuta wa kituoni, ambaye aliona yote, alikuwa akipiga kelele: "Anaendesha kwenda mbele anatazama alikotoka! Mama, wewe ni kaa?" Mwingine akasema leseni siku hizi zinaokotwa. Mkunga akawasukuma, akapiga magoti kwenye tope, akaniona.

"Mwalimu. Ni wewe? Ni mimi nimekugonga?"

Hakungoja jibu. Alinipapasa shingo, mbavu, akafika begani, nikapiga kelele. Akavua mtandio wake akanifunga mkono kifuani, barabara kabisa, huku watu juu ya kichwa chake wakimtukana.

"Waambie, Mwalimu. Niliangalia. Niliangalia kama ulivyonifundisha."

"Ni kweli," nikasema. "Aliangalia."

Sikuongeza neno.

Afisa wa trafiki alifika kwa pikipiki. Ananifahamu, nilimfundisha mke wake. Aliwasikiliza mashahidi, kisha akainama kwangu.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyetoka barabara ndogo. Ulimwona?"

"Nilisimama nikatazama. Palikuwa wazi."

Kila neno kati ya hayo ni kweli. Nimeyapima tena na tena tangu juzi, na hakuna hata moja lenye kasoro, na yote kwa pamoja ni uongo.

Afisa akatikisa kichwa. "Mwalimu hawezi kukosea hapo." Akageuka kwa mkunga akanyosha mkono. Mkunga akatoa leseni yake akampa. Ilikuwa mpya kiasi kwamba plastiki yake ilikuwa haijapata mkunjo. Ameambiwa hataendesha mpaka shauri lisikilizwe kituoni.

Juzi: gari la kliniki. Nimefikiri sana kama liandikwe kwenye vitu nilivyovigonga au vilivyonigonga. Naliandika hapa.

12 Mei

Bosi amekuja kunijulia hali, na mwavuli na matunda. Akasema nisijali, shule iko nyuma yangu. Atakwenda mwenyewe kwa afisa. "Wewe ulifundisha, kusahau ni kwake." Nikasema huenda hakusahau. Akanipiga piga kwenye bega zima. "Una moyo mzuri mno, Mwalimu. Ndiyo shida yako."

Mke wangu alisimama mlangoni na trei ya chai mpaka chai ikapoa. Bosi alipoondoka alisema neno moja tu.

"Nilingoja."

13 Mei

Leo: hakuna. Sikutoka kitandani.

17 Mei

Mkunga amekuja. Nilisikia sauti yake sebuleni nikavuta shuka kama mtoto.

Hakukaa mpaka alipokagua bega. Akalegeza kitambaa, akabonyeza, akakifunga upya. "Linaunga vizuri. Usilibebeshe kitu." Kisha akavuta kiti.

Nikamwuliza habari za kazi. Akasema amerudishwa wodini. Gari limeegeshwa kliniki, halina dereva. Juzi mama mmoja wa ng'ambo aliletwa kwa pikipiki, amekaa katikati ya watu wawili, uchungu umeshika. Alifika. Mtoto alifika pia, ila bado yuko kwenye oksijeni.

"Hilo si lako," akasema, kwa kuwa uso wangu ulibadilika. "Ni langu. Nimekuja nikueleze nimegundua kosa langu. Kila jioni nakaa kitini najizoeza. Naweka mikono hivi, nageuka." Akaonyesha. Kidevu begani. Akakaa hapo. "Nadhani siku ile niligeuka kidogo mno. Sasa nitakuwa nageuka zaidi, na nahesabu kabla ya kurudi. Ukipona unitazame kama napatia."

Mke wangu alikuwa anakunja nguo pembeni. Mikono yake iliacha kukunja.

"Usigeuke zaidi," nikasema. "Ulikuwa unageuka mno."

"Nageuka kama wewe."

"Mimi naumwa."

Akaniangalia vile wanavyoangalia watu wa kazi yake. Hakuuliza naumwa nini. Alisogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana.

"Nitazame pua. Usihamishe macho." Akanyosha mikono yote miwili kando. "Vidole vinacheza?"

"Sioni."

Akavileta karibu kidogo. "Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado."

Vilipofika mahali nilipoviona, vilikuwa karibu na mashavu yake. Akaishusha mikono, akaiweka mapajani.

"Tangu lini?"

"Kabla hujaja kwangu."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Mvua ilikuwa ikipiga bati, na nilitamani izidi.

"Kila njia panda," akasema, "nilikuwa najiambia, usiogope wewe mwanamke, mwalimu yupo, mguu wake uko juu ya breki."

"Mguu ulikuwepo."

"Mguu bila macho." Akasimama. "Na barabarani pale, wananiita kaa, nakufunga mkono. Ulikuwa unajua."

Alichukua mwavuli wake, akafika mlangoni, akarudi hatua moja.

"Tunaitwa tarehe ishirini. Mimi sitasema. Nimeshakupima, wewe sasa ni mgonjwa wangu, na wagonjwa wangu siwatangazi, hata anayenivunja. Ukinyamaza, nitabaki na kosa."

Akamuaga mke wangu. Mimi hakuniaga.

18 Mei

Mke wangu aliuliza kama nataka aende nami kituoni. Nikasema ndiyo. Leo: mlango wa chooni.

20 Mei

Chumba cha afisa ni kidogo. Meza, viti vya plastiki, kalenda, na dirisha lililofungwa kwa waya. Mimi na mke wangu upande huu, mkunga upande ule, peke yake, mkoba mapajani. Bosi alikuwa amewahi, amevaa rasmi.

Afisa alitaka kumaliza haraka. Akasoma maelezo ya mashahidi, akasema mkunga akikiri atafungiwa leseni mwaka mmoja na yataisha hapo. Akamwuliza kama ana la kusema.

"Sina," mkunga akasema.

Nikasimama. Nilikuwa nimepanga sentensi nikiwa njiani, ila zilizotoka hazikuwa zile.

"Kosa ni langu. Sikumwona. Siwezi kuona pembeni, ni ugonjwa, na nilijua. Na kugeuka kwake, mimi ndiye niliyemfundisha."

Afisa akanitazama, kisha akacheka, kwa upole kabisa. "Mwalimu. Kaa. Tunajua unawapenda wanafunzi wako."

"Si mapenzi."

"Ana moyo huo," Bosi akasema. "Nilimwambia hata nyumbani."

Afisa akanyosha kidole ukutani. "Soma kalenda ile. Yale maandishi madogo ya chini."

Nikayasoma. Jina la duka la mbao, anwani, na namba ya simu yote.

"Kipofu gani anasoma hivyo?" Bosi akacheka. Hata askari aliyekuwa mlangoni alicheka. Nimeaibika mara nyingi msimu huu, lakini sikuwahi kudhani itafika siku niombe aibu na watu waninyime.

Nikamgeukia mkunga. "Nakuruhusu useme."

Akafikiri. "Ameniruhusu," akamwambia afisa. "Ila usinisikilize mimi, utasema najitetea. Mwambie atazame kalenda ile ile, asihamishe macho. Wewe simama ubavuni mwake umwulize umeshika nini."

Nikatazama kalenda. Nilisikia kiti kikisogea na buti zikizunguka meza, zikasimama karibu sana na sikio langu.

"Mwalimu, nimeshika nini?"

"Hujashika kitu."

"Angalia vizuri."

"Naangalia. Mkono wako hauna kitu. Sijui hata kama umeunyosha."

Hakuna aliyecheka. Mke wangu alivuta pumzi. Nikahisi kona ya kitu kigumu, chembamba, ikinigusa shavuni, na bado sikuiona. Ilikuwa leseni ya mkunga.

Bosi ndiye aliyeongea kwanza, polepole, kama anayejiuliza mwenyewe. "Na wale wengine wote? Waliofaulu?"

"Waitwe," nikasema. "Wote. Na walimu uliowaambia wafundishe kama mimi."

"Nani atawafundisha upya?"

"Mtu mwingine."

Niliendelea kutazama kalenda, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Buti za afisa zikaondoka ubavuni mwangu. Sikumwona akimrudishia leseni, wala sikuiona sura ya mkunga akiipokea. Nilisikia zipu ya mkoba ikifungwa, na viatu vyake vikitoka nje, upesi, kama vya mtu anayesubiriwa mahali.